Saa ya sita

Nilipopiga simu wodi ya watoto wachanga kutoa majibu, sista aliyepokea aliniomba nirudie jina la mama. Nikarudia. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Huyo tulimpoteza juzi usiku, kaka. Kwenye kitanda chake kuna mwingine sasa."

Mkononi nilikuwa na karatasi isiyo na kosa hata moja. Bakteria Klebsiella pneumoniae: haisikii ampisilini (yaani dawa hiyo haimwui), haisikii jentamaisini, haisikii seftriaksoni, inasikia amikasini na meropenemu. Vipimo vya udhibiti wa ubora vya wiki ile vilikuwa vimekaa sawa, vipenyo vya maduara ya sahani nilivipima mwenyewe kwa rula, na mkuu wangu alikuwa ameshasaini. Ilikuwa siku ya tano tangu damu itolewe. Siku zote hizo mtoto alikuwa akichomwa ampisilini na jentamaisini, dawa ambazo mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu huanzishiwa kwa mujibu wa mwongozo, na mdudu wake alikuwa hazisikii zote mbili. Nikaandika kwenye rejista "majibu yametolewa", nikaandika na saa. Ndivyo fomu inavyotaka.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini, katika maabara ya hospitali ya mkoa. Nimeotesha damu nyingi tangu siku ile, na kila mwaka unaopita nazidi kuamini jambo moja: sehemu kubwa ya siku tano zile haikuwa ya bakteria. Ilikuwa yetu.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana wengi huambiwa "damu imepelekwa kuoteshwa" na habari inaishia hapo. Damu huingizwa kwenye chupa yenye mchuzi wa virutubisho, chupa ikawekwa ndani ya mashine inayoitunza katika joto la mwili. Bakteria kama wapo wanakula, wanazaana, wanatoa hewa ya kaboni. Kihisio kilicho kwenye kitako cha chupa kinabadilika, na mashine, ambayo haichoki kukichungulia kila baada ya dakika chache, inalia. Kwa wadudu wakali kama Klebsiella, mara nyingi mlio huo huja ndani ya siku ya kwanza. Escherichia coli, bakteria wa utumbo, akiwa mahali pazuri anajigawa kila dakika 20. Yeye hana mchezo na muda.

Baada ya mlio ndipo mwendo wetu unapoanza. Tunachovya tone kwenye kioo, tunapaka rangi za Gram, tunaangalia kwa darubini: vijiti au vidonge duara, vyekundu au vya zambarau. Tone jingine linachorwa kwenye sahani ya ageri, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, sahani inalala usiku kucha ili tupate makundi safi ya mdudu mmoja. Asubuhi tunachukua makundi hayo, tunayakoroga kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na kipimo cha McFarland cha 0.5, tunapaka kwenye ageri ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4, tunapanga juu yake diski za karatasi zenye dawa, kila moja ina upana wa milimita 6. Sahani inalala usiku wa pili. Kesho yake tunapima duara tupu lililozunguka kila diski. Duara pana, mdudu anasikia dawa. Mdudu akiota mpaka ukingoni mwa diski, hasikii.

Njia hii ilipangwa vizuri na Bauer, Kirby, Sherris na Turck kule Seattle mwaka 1966, na naiheshimu sana. Ni rahisi, inafundishika, na karatasi ya diski haihitaji fundi kutoka ng'ambo. Ila hesabu mwenyewe: usiku mmoja wa kupata makundi safi, usiku mwingine wa kusubiri duara. Naamini kabisa kwamba usingizi huo wa sahani unafuata saa za ofisi zaidi ya unavyomfuata mdudu. Unaweka mchana ukienda nyumbani, unasoma asubuhi ukirudi. Mdudu mwenyewe alishajibu kitambo.

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanyika Muhimbili, Dar es Salaam, ambao kila anayefanya kazi yangu nchini humu angepaswa kuusoma mara moja kwa mwaka. Watoto 1,828 wa hadi umri wa miaka 7, waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi ya mwili mzima, walioteshwa damu. Kati yao 255 walikutwa na bakteria. Waliokuwa na bakteria wa Gram hasi, kundi la akina Klebsiella, asilimia 43.5 walifariki. Wenye malaria walifariki asilimia 20.2. Sisi tuliokulia tukifundishwa kuiogopa malaria kuliko kitu chochote, tarakimu hizo mbili zikae pamoja machoni petu. Na kati ya mambo yaliyotabiri kifo, mojawapo lilikuwa kutibiwa kwa dawa ambayo mdudu ameshakuwa sugu kwayo.

Upande wa watu wazima, utafiti wa Kanada na Marekani wa mwaka 2006 uliwafuatilia wagonjwa ambao maambukizi yameangusha presha yao. Katika saa sita za mwanzo, kila saa moja ya kuchelewa kupata dawa inayofaa iliondoa kwa wastani asilimia 7.6 ya nafasi ya kupona. Hapo wanazungumzia saa moja moja. Mimi nilipiga simu siku ya tano.

Habari iliyonifanya nishike kalamu leo niliipata nikiwa bado naamini kwamba kasi ni mali ya matajiri. Mwaka 2018 kamati ya Ulaya inayoweka viwango vya vipimo hivi, EUCAST, ilitoa utaratibu wa kusoma usugu kwa haraka moja kwa moja kutoka kwenye chupa ya damu iliyolia. Nilipousoma mara ya kwanza nilitafuta jina la mashine. Hakuna. Unachukua mchuzi wa chupa yenyewe kama ulivyo, kati ya mikrolita 100 na 150, unaupaka juu ya Mueller-Hinton ile ile, unapanga diski zile zile, unaingiza inkubeta ile ile, kabati la kutunzia joto. Kisha unasoma baada ya saa 4, baada ya saa 6, na baada ya saa 8. Kilicho kipya ni majedwali: kwa kila aina ya mdudu na kwa kila saa kuna mipaka yake ya milimita, maana duara la saa ya nne si duara la saa ya nane. Watu walifanya kazi kubwa Uswidi na kwingineko kuipata mipaka hiyo, wakaitoa bure kwa yeyote. Kila kitu kingine kilikuwa tayari kwenye friji letu.

Sahani ya saa ya sita haifanani na sahani ya asubuhi. Ile ya asubuhi imejaa, nene, hata mtoto wa shule angeisoma. Hii ina utando mwembamba kama pumzi juu ya kioo. Ukiishika chini ya taa ya kawaida unaweza kuapa kwamba haina kitu. Unaifunua kifuniko, unaiweka juu ya kitambaa cheusi (changu ni kipande cha buibui alichonikatia dada mmoja wa mapokezi), unaisogeza kiasi cha sentimita 30 kutoka jichoni, unaiinamisha taratibu mpaka mwanga uje kwa ubavu. Ghafla ukingo unajitokeza, mstari wa kijivu kati ya palipoota na palipo tupu. Hapo unaweka rula. Ukingo usipojitokeza huruhusiwi kubahatisha. Unarudisha sahani ndani kabla dakika 10 hazijaisha, isije ikapoa, na unaijaribu saa inayofuata. Na kuna vipenyo vinavyoangukia katika eneo la mashaka, katikati ya kusikia na kutosikia, ambapo utaratibu unakutaka unyamaze kabisa kuhusu dawa hiyo. Napenda sana sheria hiyo. Kipimo cha haraka kinachokubali kusema "bado" kinastahili kuaminiwa kinaposema "ndiyo".

Fundo letu liko kwenye kumtambua mdudu. Mipaka ya milimita haina maana mpaka ujue unasoma duara la nani, na hospitali kubwa za Ulaya zina mashine ya kupima uzito wa protini inayomtaja mdudu kwa dakika chache. Sisi tuna jicho, pua na vitendanishi. Kwa hiyo saa ile ile tunapoweka sahani ya diski, tunaweka pia pembeni sahani ya ageri ya damu na ya ageri ya MacConkey, ambayo hubadilika rangi kwa baadhi ya wadudu. Kufika saa ya sita kuna utando mchanga wa kuweza kuchota: tone la kitendanishi cha indole kwenye karatasi ya kuchujia, likigeuka bluu, kipimo kingine cha utambuzi, oksidesi, kikiwa hasi, na MacConkey ikiwa imeanza kuona haya rangi ya waridi, tuna haki ya kufikiria E. coli na kutoa majibu ya awali, tukisubiri uthibitisho wa kesho. Klebsiella anatusumbua zaidi. Yeye mara nyingi tunalazimika kumsubiri. Na darubini ikionyesha wadudu wa aina mbili ndani ya chupa moja, njia hii tunaiweka kando, tunarudi kwenye ile ya zamani.

Hatukuianza kwa pupa. Miezi kadhaa tuliziendesha njia zote mbili sambamba, kila chupa iliyolia, na majibu ya haraka yalibaki kwenye daftari letu bila kutoka nje ya mlango. Wenzangu wawili walilalamika kwamba ni kazi mara mbili, na walikuwa sahihi. Lakini hutoi kwa daktari jambo ambalo wewe mwenyewe hujalipiga mizani. Kosa baya kuliko yote katika fani hii ni kusema mdudu anasikia dawa wakati hasikii, kwa sababu daktari atakuamini, na mgonjwa atalipia.

Mwaka jana chupa ililia saa kumi na moja alfajiri. Ilikuwa ya mama wa miaka ishirini na kitu, siku ya nne tangu ajifungue kwa upasuaji, anatumia seftriaksoni na metronidazoli na homa haishuki. Darubini ilionyesha vijiti vyekundu. Nilipiga simu wodini kwa hilo tu, kisha nikaweka sahani saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne utando ulikuwepo lakini ukingo haukunipendeza. Saa sita kamili mchana nilizima feni, nikatandaza kitambaa changu, nikaangalia. Kwenye diski ya sefotaksimu, ambayo ni ndugu wa damu wa seftriaksoni, hapakuwa na duara lolote. Mdudu alikuwa ameota mpaka ameigusa karatasi. Upande wa pili meropenemu ilikuwa imefagia uwanja mpana, safi, na ukingo wake ulikuwa wazi kama mstari wa wino. Indole bluu.

Daktari wa zamu alipokea kwa mlio wa kwanza. Nikamsomea. Akauliza, "Haya ni ya leo?" Nikamwambia, "Ya leo, dokta. Ni ya awali, lakini sefotaksimu imekataa kabisa." Akasema ngoja, nikasikia anamwita sista, anamtuma famasi. Dawa ilibadilishwa mchana ule ule. Alasiri mama yule alirudishwa thieta kusafishwa tumbo, na siwezi kujua ni kipi kati ya kisu na dawa kilichomvusha. Aliruhusiwa. Ninachokijua ni kwamba kwa njia ya zamani jibu lile lingefika keshokutwa yake, na seftriaksoni ingeendelea kuingia mshipani saa zote hizo bila faida yoyote, pesa za familia zikiingia nayo.

Nafuatilia pia mashine mpya, na nazifurahia. Juni 2024 tuzo ya Longitude ya Uingereza, iliyotangazwa miaka 10 kabla, ilikwenda kwa kifaa cha PA-100 cha Sysmex Astrego, chenye mizizi yake katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Zawadi ilikuwa pauni milioni 8. Unaweka mkojo kidogo kwenye kikasha, unapita katika vijifereji vyembamba kiasi kwamba bakteria wananaswa humo, na kamera inawatazama wakikua penye dawa na pasipo dawa. Ndani ya dakika 15 inasema kama kuna bakteria, na ndani ya dakika 45 inasema dawa ipi kati ya tano itawaweza. Nikifikiria idadi ya wanawake wa nchi hii walioambiwa "una U.T.I" kwa kuangalia tu mkojo juu juu, wakapewa sipro leo, azuma wiki ijayo, sindano mwezi ujao, natamani kikasha kile kifike hadi kituo cha afya cha mwisho. Bei yake ndiyo itakayoamua.

Wala si kweli kwamba kwetu kasi haiwezekani. Kifua kikuu sugu tulikuwa tukikisubiri wiki kwa wiki mpaka mdudu aote. Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha GeneXpert, na leo mashine hiyo iko katika hospitali nyingi za wilaya, inakwambia kwa chini ya saa mbili kama mdudu anaisikia rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Inawezekana kwa sababu usugu wa rifampisini karibu wote umejificha katika kipande kimoja kifupi cha jeni, basi mashine inasoma kipande hicho tu. Klebsiella ana njia nyingi mno za kuikwepa dawa. Kumsoma kitabu chake kizima kutakuchosha. Ni afadhali umwekee dawa mbele na umtazame anafanya nini. Ndiyo maana nazipenda diski.

Sasa niseme linaloniuma. Tulipokuwa tunajiandaa na njia hii nilikaa na rejista zetu jioni nyingi, nikiandika kwa penseli: damu ilitolewa lini, chupa iliingia mashineni lini, ililia lini, nani aliigusa lini. Nilitegemea kuona muda mwingi ukiliwa na kuota. Nikakuta chupa iliyojazwa damu Ijumaa jioni na kupokelewa maabara Jumatatu. Nilimwuliza mhudumu aliyeileta. Ilikuwa dirishani, kwenye meza ya wauguzi, jua la mchana likiipiga siku mbili. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Benchi la kuotesha lilikuwa linafungwa saa tisa na nusu alasiri, wikiendi halifunguliwi, na kila mtu wodini alijua. Chupa ikilia saa kumi jioni, mashine ililia peke yake gizani mpaka saa moja na nusu asubuhi. Saa kumi na tano na nusu. Katika saa hizo ningeweza kusoma sahani moja ya haraka hadi mwisho, nikaanza nyingine.

Hata mkono wa nani unashika simu ni sehemu ya kipimo. Fomu nyingi zilikuja bila namba ya wodi. Majibu yalikuwa yakichapwa, yakiwekwa kwenye trei, yakisubiri mhudumu wa kuyapeleka, na daktari akiyaona kwenye raundi ya kesho. Unaweza kununua kifaa cha dakika 45 na kukiharibu chote kwa trei moja.

Tuliomba vitu vitatu: mtu mmoja wa benchi kwa zamu ya usiku, simu yenye muda wa maongezi, na chupa za damu zipokelewe saa zote. Simu tumepata. Chupa zinapokelewa. Zamu ya usiku tunaifanya siku nne kwa wiki, kwa kupokezana. Siku tatu zilizobaki mashine bado inalia peke yake. Kuna miezi diski za amikasini zinakwisha na hatuna la kufanya. Nawaomba na ninyi mnaosoma mkiwa na mgonjwa wodini: ulizeni kama damu imetolewa kabla ya dozi ya kwanza. Ikitolewa baada ya dawa, mara nyingi chupa haitalia kamwe, na sote tutabaki gizani. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni.

Wiki iliyopita nilikuwa zamu ya usiku. Chupa ilitoka watoto wachanga, wodi ile ile. Niliweka sahani saa kumi na mbili jioni. Saa nne usiku haikusomeka. Saa sita usiku nikasikia mlango unagongwa, na daktari wa mafunzo kazini, kijana mdogo, koti lake limelowa mvua, akasimama pale. Alikuwa amechoka kusubiri simu, akaamua kuja kwa miguu. "Shikamoo, kaka. Vipi, imetoka?"

Nikamwitikia, nikampa glavu, nikamsogeza kwenye kitambaa cheusi. Nikamwinamishia sahani. Tukaangalia pamoja, vichwa vimekaribiana. Ukingo wa meropenemu ulikuwa unaonekana. Wa amikasini ulikuwa unakuja, lakini bado, na dawa aliyokuwa nayo wodini ni amikasini. Akaniangalia usoni. Nikamwambia, "Siwezi kukudanganya. Nipe saa mbili." Tukafunika sahani, tukairudisha ndani. Alivuta kiti karibu na inkubeta, akakaa.